Mashine zimeanza kusemezana, na sisi tuseme

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, wale mliokulia Musoma katika miaka ya 1980 bila shaka mnakikumbuka king'ora cha kiwanda cha nguo cha Mutex. Kikilia alfajiri, mama yangu alijua wakati wa kuwasha moto umefika. Kikilia jioni, sisi watoto tulijua baba wa jirani yuko njiani anarudi, na kama ilikuwa mwisho wa mwezi, basi huenda ana mkate chini ya kwapa. Saa ya ukutani nyumbani hatukuwa nayo, na wala hatukuona upungufu wowote.

King'ora kile kilinyamaza siku nyingi zilizopita. Nimekikumbuka kwa sababu wiki iliyopita nilialikwa kutembelea kiwanda kimoja cha kusindika samaki katika mkoa wetu wa Mara. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa waliozungumza nami walizungumza kwa uwazi na sipendi wapate matatizo. Nilitegemea kusikia kelele na kuona makarani wakikimbia na makaratasi. Badala yake nikampata kijana mmoja ameketi mbele ya kioo cha kompyuta, na kikombe cha chai mkononi. Nikamwuliza kazi yake ni nini. Akanijibu, "Nasikiliza mashine zinavyoongea."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akanieleza. Ndani ya kila chumba cha baridi kuna kifaa kidogo kinachopima joto na kupeleka hesabu kwenye kompyuta. Aliviita vifaa hivyo sensa, nami kwa muda nikadhani anazungumzia ile ya kuhesabu watu. Nilipoelewa nikaona kwamba jina halikukosea sana, kwani hata hii nayo inahesabu. Inahesabu joto, inahesabu dakika mlango ulizoachwa wazi, na joto likipanda kupita kiasi inatuma ujumbe kwenye simu ya meneja, hata kama meneja yuko Mwanza harusini.

Ndugu msikilizaji, jambo hili ndilo nataka tulizungumze leo. Huko Ulaya wamelipa jina kubwa. Wajerumani, katika maonyesho ya viwanda ya Hannover ya mwaka 2011, walianza kuliita mapinduzi ya nne ya viwanda. La kwanza lilikuwa la mvuke, la pili la umeme, la tatu la kompyuta, na hili la nne ni la mashine kupashana habari zenyewe kwa zenyewe. Mashine inajua imechoka, inamwambia fundi kabla haijaharibika. Ghala linajua limepungukiwa, linaagiza. Mwenye mali anakaa mbali na kiwanda chake lakini anakiona chote kiganjani.

Wapo watakaosema, hayo ni ya Ujerumani, sisi tushughulike na jembe letu. La hasha. Mashine za namna hiyo tumekwisha kuishi nazo bila kuzipa jina. Tangu miaka ya 1990 tunayo LUKU nyumbani, mita ambayo hubembelezi karani wala hungoji bili, unabonyeza tarakimu umeme unarudi. Mwaka 2024 tuliambiwa tuingize tarakimu za ziada ili mita zetu ziendelee kupokea umeme, na watu wazima tulionekana tumepiga magoti mbele ya mita na miwani puani. Tulitii. Tulijua ukibishana na mita unalala gizani.

Turudi kwenye samaki. Kwa nini kiwanda cha Musoma kigharimie vifaa vya kupima joto usiku na mchana? Jibu lake halikuanzia Musoma. Sangara wa Ziwa Victoria anauzwa Ulaya kama minofu, ama mibichi iliyolazwa kwenye barafu na kupelekwa kwa ndege, ama iliyogandishwa na kutunzwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mabondo yanakwenda Mashariki ya Mbali. Mapanki yanabaki kwetu. Mnunuzi wa Ulaya hamwoni mvuvi wala hauoni mwalo, anachokiona ni karatasi. Mwaka 1999 soko la Ulaya lilifungwa kwa samaki wa ziwa letu kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, na kabla ya hapo, mwaka 1997, kulikuwa na zuio la mambo ya vijidudu na kipindupindu. Waliokuwapo wanakumbuka jinsi viwanda vilivyonyamaza na mitumbwi ikaanikwa mchangani. Tangu wakati huo kila kiwanda kilijua kwamba samaki bila kumbukumbu ni samaki bila soko.

Siku hizi ndani ya shehena huwekwa kifaa kidogo, hakizidi sana kiberiti. Kinasafiri na samaki kutoka huku hadi kwa mnunuzi. Akifika anakiunganisha na kompyuta yake, kinamsimulia safari nzima: saa ngapi samaki walitoka kwenye baridi, walikaa juani uwanjani dakika ngapi, nani alichelewa. Kinasema bila kumwogopa mtu.

Sasa, ndugu msikilizaji, kabla ya kifaa kile kazi ya kupima joto ilikuwa ya binadamu. Nilionana naye. Nitamwita Mzee wa Daftari. Ameanza kazi za viwanda vya samaki tangu miaka ya 1990, na kwa miaka mingi kazi yake ya usiku imekuwa kupita kila chumba kila saa, kusoma kipimajoto, kuandika kwenye daftari na kutia sahihi. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee wangu," akaitikia, tukakaa nje kwenye kivuli cha mwembe, kwa sababu ndani hakutaka kuzungumza.

Nilimwuliza kama daftari lilikuwa bora kuliko kifaa. Nilitegemea alitetee daftari lake. Akatazama chini, akasema, "Mura, nikudanganye ya nini? Usiku wa mvua nilikuwa naandika saa nane, saa tisa na saa kumi kwa mkupuo mmoja. Kifaa hakina mvua."

Nilimheshimu kwa maneno hayo. Wengi wetu tuna madaftari tuliyoyajaza kwa mkupuo mmoja, maofisini, mashuleni, hata katika vituo vya afya, na tungeulizwa tungeapa kuwa tulizunguka kila saa.

Lakini mzee hakuishia hapo. Alinisimulia habari ya usiku mmoja, miezi michache iliyopita. Kompyuta ilikuwa inaonyesha kila kitu kiko sawa, baridi iko mahali pake. Yeye alipopita karibu na kompresa akasikia mlio ambao si wa kawaida. Akamwambia kijana wa kompyuta. Kijana akatazama kioo, akamwambia, "Mzee, hesabu ni nzuri." Mzee akasisitiza. Mwishowe wakamwita fundi mitambo, akafungua, akakuta beringi imekwisha kabisa. Fundi alisema ingeendelea hivyo, mtambo ungesimama, na samaki waliomo ndani wangekuwa wa kutupa.

Kifaa hakikusema uongo. Kilikuwa kimewekwa kipime baridi, kikapima baridi. Hakuna aliyekiambia kipime uchovu wa beringi. Katika viwanda vikubwa vya nje vipo vifaa vinavyofungwa kwenye mota kupima mtetemo na mlio, vikafanya kazi ile ile ya sikio la mzee. Lakini ili mtu atengeneze kifaa cha namna hiyo, sharti kwanza awepo mwenye sikio wa kumwambia mlio mzuri ni upi na mlio mbaya ni upi. Elimu ya mashine inatoka kwa watu kama Mzee wa Daftari, nao hawalipwi kwa kuitoa.

Na hapa ndipo roho yangu ilipouma. Mkataba wa mzee unakwisha Desemba. Ameambiwa hautahuishwa, kwa kuwa kazi ya kuandika imechukuliwa. Niliporudi ndani nilimwuliza kiongozi mmoja habari hiyo. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba kifaa hakiugui, hakiombi likizo na hakihitaji buti. Nikamwuliza habari ya beringi. Akasema ameisikia, ilikuwa bahati.

Ndugu zangu, mimi sipingi mashine. Nilipoanza kazi ya redio tulikuwa tunakata kanda kwa wembe na kuziunganisha kwa gundi. Kompyuta ilipoingia studio baadhi ya wenzangu walisema ni mchezo wa watoto, na waliosema hivyo ndio waliotangulia kutoka. Mimi nilijifunza kwa kijana niliyemzidi miaka kumi, kwa aibu kubwa, baada ya saa za kazi. Najua mtu mzima anavyojisikia anapofundishwa kubonyeza.

Kadhalika, tusidanganyane kwamba kukosa mashine za kisasa ndiko kunakolinda ajira. Mutex haikuuawa na kompyuta. Viwanda vyetu vingi vya umma vya nguo vilidhoofishwa na uhaba wa vipuri, umeme wa mashaka, madeni, uongozi mbaya, na baadaye nguo za nje na mitumba iliyofurika tangu katikati ya miaka ya 1980. Mashine zilipozeeka hapakuwa na aliyejua mapema ipi itakufa kesho, na ikifa vipuri viliagizwa ng'ambo. Mfumaji hakunyang'anywa kazi na mashine iliyo janja kupita kiasi. Alinyang'anywa na mashine iliyolala.

Wenzetu wa Kenya walionja upande wa pili. Mwezi Mei 2023 huko Kericho, vijana walichoma moto mashine za kuchumia chai wakisema zimewanyang'anya mkate. Sifurahii moto. Moto haurudishi kazi, na mali iliyoungua hulipwa na wote. Lakini mtu anayechoma mashine amekwisha kukata tamaa kwamba kuna mahali pa kusemea. Nasi Mara tusingoje tufike huko ndipo tuanze vikao.

Swali ambalo naliona kubwa kuliko yote ni hili: vifaa hivi vinahesabu kwa niaba ya nani?

Chukua stempu za kielektroniki. Mwezi Januari 2019 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kutumia mfumo huo kwa bia, mvinyo, pombe kali na sigara, na Agosti mwaka huo ikafuata zamu ya soda. Kwenye mstari wa uzalishaji kiwandani kikafungwa kifaa kinachohesabu kila chupa inayopita na kupeleka hesabu kwa TRA papo hapo. Zamani ofisa alikuwa anategemea vitabu vya mwenye kiwanda. Sasa chupa inajisema yenyewe. Hata mnunuzi wa kawaida akapewa programu ya simu, Hakiki Stempu, ya kujua kama kinywaji alichoshika ni halali. Wenye viwanda walilalamikia gharama, na Serikali ikasisitiza kwamba kodi lazima ijulikane.

Kwa hiyo mwaona, vifaa hivi hufika haraka pale ambapo mwenye nguvu anataka kuhesabu. Mnunuzi wa Ulaya alitaka kujua joto la samaki, akajulishwa. Mtoza kodi alitaka kujua idadi ya chupa, akajulishwa. Wote wawili wana haki. Lakini mkulima wa pamba wa Bunda je? Yeye anataka kujua jambo moja tu, uzito wa mzigo wake.

Habari ya mizani katika Kanda ya Ziwa ni ya kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walichoka kupunjwa, wakaweka wapimaji wao wenyewe wakae kando ya mizani ya wanunuzi na kuhakiki. Kutokana na juhudi hizo, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho kubwa la Victoria, ambalo lilikuja kumiliki hata viwanda vya kuchambulia pamba. Ushirika wetu, ndugu msikilizaji, ulianza na mtu mmoja aliyesimama kando ya mizani akasema, "Nami nione."

Mimi kwetu ni Buswahili, upande wa Butiama, na nimebeba pamba kichwani. Namjua mkulima anavyoitazama mizani, kama mgonjwa anavyoitazama sindano. Leo mizani ya elektroniki ipo, na kazi ya kuiunganisha na simu si ya miujiza. Mzigo ukipanda juu ya mizani, kilo ziende kwenye simu ya mkulima wakati ule ule zinapokwenda kwenye kompyuta ya chama na ya kiwanda, kwa Kiswahili, bila karani kuzigusa. Kisha zifuate hesabu nyingine. Pamba mbegu ikichambuliwa, takribani theluthi moja tu ndiyo nyuzi, zinazobaki karibu zote ni mbegu, na mbegu hutoa mafuta na mashudu. Kiwanda kinajua mzigo wa kijiji fulani umetoa nyuzi kiasi gani na za daraja gani. Mkulima hajui. Akijua, atajadiliana bei kwa namna nyingine, na pengine atajua kwa nini shamba la jirani lina nyuzi nzuri kuliko lake.

Ukifunga kifaa kinachohesabu upande mmoja tu, umempa mwenye nguvu jicho la tatu na kumwacha mnyonge na mawili yale yale aliyozaliwa nayo.

Lipo na jambo la kutegemea. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya mawasiliano ya baharini, SEACOM na EASSy, ilipata hitilafu kusini mwa Afrika, na nchi nzima tukakaa bila intaneti ya maana kwa saa nyingi. Kiwanda ambacho mashine zake zinasemezana kwa kupitia kompyuta iliyoko ng'ambo, siku kama ile kinakuwa bubu. Umeme nao tumeufahamu vizuri. Ni kweli hali ni afadhali tangu bwawa la Mto Rufiji lilipoanza kuzalisha mwezi Februari 2024, bwawa la megawati 2,115 lililopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, na kufika kijijini kwetu bila kukatika ni jambo jingine. Atakayefunga vifaa hivi afunge na betri ya akiba, na aache daftari moja mezani.

Hivyo basi, nina mambo matatu ya kupendekeza, nayasema kama mwananchi, si kama mtaalamu.

La kwanza, mafundi. Kijana niliyemkuta kiwandani alijua kusoma kioo, lakini kifaa kikiharibika wanamngoja mtu kutoka Dar es Salaam, au wanakirudisha kilikonunuliwa. Tunacho chuo cha VETA hapa Mara, na tunacho Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kilichoasisiwa Butiama kwa jina la Mwalimu. Viwanda vya samaki, vya pamba na migodi viketi na vyuo hivyo, viseme vinahitaji nini, vitoe mashine mbovu zikawe za kujifunzia. Kijana anayefungua na kufunga mota ya zamani kwa mikono yake ndiye atakayejua kifaa kipya kinasema nini.

La pili, wafanyakazi. Kifaa kinapoingia, watu waliokuwa wakifanya kazi hiyo wawe wa kwanza kufundishwa, si wa kwanza kuandikiwa barua. Vyama vya wafanyakazi navyo viliweke jambo hili katika mikataba ya hali bora. Tumezoea kudai nauli na posho, sasa tudai na mafunzo.

La tatu, siri na haki. Kifaa kinachohesabu dakika mlango ulizokaa wazi kinaweza pia kuhesabu dakika mama mkata minofu alizokwenda msalani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mfanyakazi aambiwe ni nini kinachopimwa, kwa sababu gani, na nani anakiona. Akiona hesabu imekosewa awe na mahali pa kukata rufaa, kwa binadamu mwenye masikio.

Ndugu msikilizaji, kabla sijaondoka pale kiwandani nilipita tena kwenye mitambo kuaga. Nikamkuta Mzee wa Daftari na yule kijana wa kompyuta wamesimama kando ya kompresa. Mzee alikuwa ameshika bisibisi ndefu, ncha yake ameigusisha kwenye mota na mpini ameuweka sikioni, kama mafundi wa zamani walivyofanya. Kisha akampa kijana naye asikilize. Kijana akafumba macho. Hakuna aliyemwagiza mzee amfundishe, na hakuna atakayemlipa. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua na amebakiza miezi michache, alinijibu, "Hawa samaki watakula nani, mura, kama si watoto wetu walipwe mishahara?"

Ningekuwa mimi ndiye mwenye kiwanda kile, ningemwita mzee yule kesho asubuhi, nikamwongeza mwaka mmoja, na kazi yake ikawa hiyo tu, kufundisha masikio. Mshahara wake wa mwaka mzima hauzidi thamani ya samaki aliowaokoa usiku mmoja. Mwenye kiwanda, kama unanisikiliza, na najua huwa unanisikiliza, Desemba bado haijafika.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa tukutane tena juma lijalo, siku na saa kama hii. Kwaherini.